Kuruta Hachoki Akiimba?

Mpwa wangu alirudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, bila sauti. Miguu ilikuwa mizima. Malengelenge aliyokuwa akiyalalamikia kwenye simu yalishakauka yakawa sugu. Mabega yametanuka, ngozi imekolea jua, na chakula anakimaliza kabla wengine hawajanawa. Lakini kila akisemeshwa alijibu kwa mkwaruzo, kama jogoo mwenye kideri. Mama yake alimpikia tangawizi wiki nzima. Mimi nikabaki na swali: kozi ya kijeshi inayosifika kwa kukimbiza watu imemwacha miguu, ikammaliza koo. Kwa nini?

Swali hilo lilinifikisha Mbagala kwa mama mmoja, mkufunzi mstaafu, ambaye siku hizi anauza mkaa na unga mbele ya nyumba yake. Aliomba nisiandike jina lake wala kambi alizofundisha. Wateja wanamwita Afande, hata watoto wanaotumwa chumvi. Sikuwa nimemaliza kueleza habari za mpwa wangu akanikatiza: huyo binti alikuwa mwimbishaji. Nikapiga simu nyumbani hapo hapo. Ni kweli, alikuwa mwimbishaji wa kombania yake, na hakuona kama hilo ni jambo la kutuambia.

Msomaji hahitaji kuelezwa mchakamchaka. Wengi wetu tuliukimbia shule ya msingi. Wala sina haja ya kurudia kirefu kwamba JKT ilianzishwa Julai 10, 1963, kwamba wanafunzi wa chuo kikuu walioandamana Oktoba 1966 kupinga kwenda jeshini walirudishwa makwao na Mwalimu Nyerere, kwamba mafunzo ya lazima, yale ya mujibu wa sheria, yalisitishwa 1994 na kurejea 2013. Ninachotaka kukizungumzia ni chenja, zile nyimbo za kukimbilia, ambazo nilidhani ni burudani ya kusogeza asubuhi. Afande alinitazama kwa huruma niliposema hivyo.

Kuruta mgeni, anasema, huhesabu. Filimbi imelia alfajiri, ametolewa hangani na usingizi machoni, na akianza tu kukimbia anahesabu: nguzo za umeme, miti, pumzi zake mwenyewe. Anayehesabu hufika mwisho wake mapema sana, kwa sababu amejiwekea mwisho huo kabla hajaondoka. Chenja inamnyang'anya hesabu. Mwimbishaji anatupa mstari, kombania inaupokea, na neno linakaa pale mguu wa kushoto unapogusa chini. Mtu anayesubiri zamu ya kuitikia, huku akichunga mguu usipishane na wa mbele yake, hana nafasi ya kujihurumia. Tena kuna suala la pumzi. Kuruta anayekimbia kimya huhemea juu juu kifuani, na baada ya muda kichomi kinamshika ubavuni. Anayeitikia analazimika kuitoa pumzi yote, kisha kuvuta nyingine kwa pamoja na wenzake. Hakuna anayemfundisha kuhema; wimbo unamfundisha.

Na wimbo hauokotwi tu. Pa tambarare, mistari mirefu. Kwenye mlima, mwimbishaji anaikata iwe mifupi, maneno mawili matatu, ili hatua zisizidi kifua. Mpishi wa messi anaimbwa na maharage yake, mchumba aliyebaki uraiani anaimbwa, afande mwenyewe anasutwa akiwa anakimbia pembeni, na siku hiyo haadhibu mtu. Afande anasema alikuwa akiweka wimbo wa kuchekesha pale tu alipoona nyuso zimeanza kukunjamana kwa kilio. Kuruta akicheka amepata mita mia nyingine.

Nilimuuliza mwimbishaji anapatikanaje. Nilitegemea aseme mwenye sauti nzuri. La. Yeye alikuwa akimchagua mlalamikaji. Yule binti wa wiki ya kwanza anayechechemea nyuma, anayesema moyo unataka kutoka, anayeomba aende zahanati. Huyo ndiye aliyemtoa mbele akamwambia aimbishe. Mwimbishaji hakimbii kama wengine. Anatoka nje ya safu, anaenda mbele, anarudi mkiani kuwainua waliolegea, anapanda tena. Ardhi anayoikanyaga ni ndefu kuliko ya kombania yake, na mstari anaubeba peke yake wakati wenzake wanapumzika kuitikia. Ni yeye aliyedai hawezi kufika. Siku ya kwanza anafika akiwa amekasirika. Baada ya siku kadhaa hakubali kunyang'anywa nafasi. Afande hana maelezo marefu kuhusu hilo: mtu aliyepewa watu wa kuwabeba husahau kujipima mwenyewe.

Mpwa wangu hakuwahi kumaliza mbio za shule. Mama yake alimtafutia cheti cha daktari ili asikimbie.

Maabara zimejaribu kulishika jambo hili. Mwaka 1961 watafiti Ikai na Steinhaus walipima nguvu ya mkono wa mtu anapovuta, wakakuta akipiga ukelele wakati ule ule nguvu inaongezeka. Msuli ulikuwa na akiba ambayo akili haikuwa tayari kuitoa. Mwaka 2010 watafiti wa Oxford waliwapima wapiga makasia wa chuo chao kwa mashine. Wakifanya kazi kwa pamoja, walivumilia maumivu zaidi baadaye kuliko walipofanya kazi ile ile kila mmoja peke yake. Nilimsimulia Afande. Akauliza kama hao wapiga makasia walikuwa wakiimba. Nikasema hapana. Basi, akasema, hawakuwapima vizuri.

Yapo mengine tuliyoyazungumza: kwata la juani, lindo la usiku, kuruka kichura. Aliposema kichura ni mazoezi ya mapaja tu, sikumwamini, na nadhani alijua.

Nikamuuliza kuhusu yule ambaye mwisho wake si wa kufikirika. Yule ambaye mwili wake kweli umefika. Hapo alinyamaza, akampimia mteja mkaa, akarudi. Alisema alikuwa akisikiliza mkia. Aliyechoka hupunguza sauti. Aliyeanza kuumwa hukosea wimbo. Anaitikia akiwa amechelewa, au anaitikia mstari uliokwisha pita. Huyo anatolewa safuni mara moja, kivulini, afunguliwe nguo, amwagiwe maji. Madaktari wangekubaliana naye: mtu aliyezidiwa na joto akianza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Wanamichezo nao wana kipimo chao, kwamba anayeweza kuongea au kuimba hajapita kiasi. Kwa maana hiyo chenja inamfunga hata afande, asiwakimbize kuliko wimbo unavyoruhusu.

Lakini sauti zikiwa mia na zaidi, sikio moja linaisikiaje iliyopungua? Aliwahi kuwa na kijana aliyefumbua mdomo tu, bila kutoa sauti, ili asionekane mlegevu. Alianguka karibu na geti. Alipona baada ya siku kadhaa. Afande anasema wimbo uliomsaidia kila mtu kuuficha uchovu wake ndio uliomsaidia kijana yule kuuficha ugonjwa, na hajui angefanya nini tofauti. Sikuwa na jibu la kumpa.

Liko jambo moja ambalo sikio la mkufunzi haliwezi kulisikia kabisa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1987 ulionyesha kuwa kati ya makuruta weusi wa majeshi ya nchi hiyo, waliobeba vinasaba vya selimundu walikuwa katika hatari ya kufa ghafla mazoezini karibu mara 28 kuliko weusi wenzao wasiovibeba. Mwaka 2016 utafiti mwingine, uliohusu askari weusi wapatao 48,000 baada ya jeshi la huko kuweka taratibu za maji, mapumziko na kuchunga joto, haukuikuta tena tofauti hiyo ya vifo, ingawa hatari ya misuli kuharibika ilibaki kubwa zaidi. Mbebaji haumwi. Anaweza kufika kidato cha sita bila kujua, na vinasaba hivyo ni vya kawaida kabisa katika nchi yetu.

Mzazi ambaye jina la mwanao limetoka kwenye orodha ya JKT ya mwaka huu: ukishamnunulia bukta, raba na trakisuti, mpeleke pia akapimwe selimundu. Akikutwa ni mbebaji, si sababu ya kumtafutia cheti cha kumbakiza nyumbani. Aende, na siku ya kuripoti amwambie mganga wa kambi kabla hajaanza kuimba.