Papa wa kwetu na tilapia wa Magadi

Mwezi uliopita nililetewa kifurushi cha papa mkavu kutoka nyumbani Pwani, nikakipika kwa nazi hapa Kitengela. Hata Magharibi haijaadhiniwa, mlinzi wa ploti alikuwa mlangoni. Jirani wa juu amelalamika kwamba kuna kitu kimeoza. Nikamwambia hakijaoza, ni papa. Hakuamini. Mke wangu naye akasema basi tusipike tena papa huku bara, na hilo ndilo lililoniuma, kwani papa nimelelewa naye.

Sasa hebu nieleze harufu hiyo inatoka wapi. Ajabu ni kwamba samaki wa kumlinganisha naye yuko kaunti hii hii ya Kajiado, katika Ziwa Magadi.

Chakula chenye protini huacha taka mwilini. Sisi binadamu huitoa kwa mkojo, ikiwa urea. Samaki wengi hawajisumbui hivyo: taka yao ni amonia, na huivujisha majini kupitia matamvua. Amonia ni sumu, lakini maji huichukua ikaenda zake.

Papa ana desturi nyingine. Yeye hutengeneza urea na kuiweka akiba katika damu na nyama. Samaki kama changu, damu yake ina chumvi kidogo kuliko bahari, kwa hiyo maji humtoka mwilini na hulazimika kunywa maji ya bahari kila mara. Papa haimlazimu, maana urea ile humfanya alingane na bahari. Akishakufa, bakteria huivunja urea ikawa amonia. Ndiyo harufu aliyoisikia jirani. Na kwa kuwa urea huyeyuka majini, bibi zetu hawakukosea kumloweka papa na kumwaga maji.

Twende Magadi. Ukipita Kiserian na Olorgesailie, barabara inateremka hadi joto linakupiga usoni. Ziwa lenyewe sehemu kubwa ni ganda la magadi, yale tunayotia kwenye maharage, na kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Pembeni kuna chemchemi za maji moto, na humo anaishi tilapia mdogo, wengi wao si wakubwa kuliko kidole. Wataalamu humwita Alcolapia grahami. Maji yake yana pH ya karibu 10, yanateleza mkononi kama ya sabuni, na mahali pengine joto hufika nyuzi 40 na zaidi.

Katika maji kama hayo amonia haitoki kwa urahisi kwenye matamvua. Ingemrundikia mwilini ikamuua. Mwaka 1989 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba samaki huyu huitoa taka yake kama urea, kama sisi. Kwa hiyo papa na huyu mdogo wote ni watengenezaji wa urea, ila mmoja anaiweka na mwingine anaitupa!

Mengine yote hawafanani. Papa hana mfupa, ana gegedu tupu. Tilapia wa Magadi ana mifupa, jike hubeba mayai mdomoni, na usiku hewa ikipungua majini huja juu kuimeza.

Tena papa akichoka Malindi huogelea kwingine. Huyu kazungukwa na ganda la magadi. Chemchemi ikikauka hana pa kwenda. Kweli, miaka ya 1950 na 1960 alipelekwa Ziwa Nakuru apunguze mbu, na ndege mwari wakamfuata huko kumla. Lakini hakuenda kwa mapezi yake, alibebwa na watu.

Jumapili nililoweka papa aliyebaki usiku kucha, nikabadilisha maji mara tatu, kisha nikampika. Mlinzi hakuja.