Kazi Isiyokubali Haraka

Wavuvi Wagenia, wakaao kando ya maporomoko ya Boyoma mjini Kisangani, hawafukuzi samaki. Katikati ya mwamba na povu husimika magogo makubwa ndani ya mashimo ya jiwe, wakayafunga kwa kamba za mwituni hata yakawa jukwaa, na kutoka jukwaani huteremsha madema yenye mdomo mpana na mkia mwembamba, ambayo maji yenyewe, kwa nguvu ile ile inayozamisha mitumbwi, huyajaza mavuno. Mgeni apitaye aghalabu huwakuta wamekaa juu ya mawe, huyu akisuka, yule akiutazama mto, akadhani kwamba ameona watu wasio na la kufanya. Kumbe asiyekisoma kimo cha maji leo hatajua mahali pa kuteremsha dema kesho, na dema lililotoboka, likirudishwa mtoni kwa pupa, halina faida kwa mwenyewe wala kwa walaji wake.

Mji uliowazunguka haukujaliwa mwendo huo. Alfajiri, kabla jua la ikweta halijapanda, baiskeli za abiria ziitwazo toleka zimekwisha kuingia barabarani, na pamoja nazo pikipiki zilizokuja kuzipokonya riziki. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye darasa lake lilifurika tangu serikali ilipoondoa karo mwezi wa Septemba 2019, hufundisha asubuhi, mchana akaenda kutazama kibanda chake cha biashara au kipande chake cha shamba, na usiku akasahihisha madaftari kwa mwanga wa taa ya betri, madhali mshahara peke yake haumvushi mwezi. Wakongo wameyapa maisha ya namna hii jina la mzaha, Kifungu cha 15, yaani kifungu cha sheria ya kubuni kimwamrishacho kila mtu ajitafutie kwa njia zake. Sheria hiyo ya mzaha imeokoa aila nyingi na njaa, wala simdharau aishiye chini yake. Lakini inatoza kodi, na kodi yake hulipwa na mwili na akili.

Kodi hiyo ilianza kuchunguzwa mbali na hapa. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akihudumu katika zahanati ya bure mjini New York, aliandika habari za wahudumu wa mfano wake, watu wa moyo na bidii, walioingia kazini kwa bashasha na baada ya muda wakawa kama mafiga yaliyokwisha moto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu huo katika orodha yake ya kimataifa, si kama ugonjwa, bali kama hali itokanayo na mashaka ya kazini yaliyodumu bila kutulizwa, likataja alama tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi au kuibeza, na ufanisi kupungua. Kwangu mimi alama ya pili ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu aliyeishiwa nguvu huweza kulala akaamka, bali mtu aliyeanza kuibeza kazi yake hana tena sababu ya kuibunia jambo jipya, na mwalimu asiyebuni, hata akihudhuria kila siku, amekwisha kuondoka darasani.

Watu wa Kisangani wana uchovu mwingine juu ya huo. Kwa siku sita za mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji huu kwa mizinga, na mamia ya raia wakafa. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini humo, yakiwamo ya siku hizo. Kwa hiyo nasaha ya kupumzika, ambayo majarida ya nchi tajiri huitoa kwa ukarimu mkubwa, humfikia mkazi wa hapa kama kejeli. Apumzike wapi, na kwa fedha ya nani? Swali lenye maana ni jingine: je, polepole yaweza kutiwa ndani ya kazi yenyewe, iwe sehemu ya ufundi, badala ya kungojewa nje yake kama zawadi ya likizo?

Jibu moja liko Yangambi, kilomita mia moja hivi kutoka Kisangani ukiteremka mto, ambako tangu miaka ya 1930 palikuwa na kituo kikuu cha utafiti wa kilimo cha Kongo ya Wabelgiji. Wataalamu wa huko walikabiliwa na fumbo la mchikichi. Ukilichukua chikichi la aina iitwayo dura ukalikata katikati kwa kisu, utakuta kifuu kinene na nyama haba ya mawese. Ukikata la pisifera hutakuta kifuu, lakini mti wake aghalabu hauivishi mikungu. Na kati ya hao wawili iko tenera, yenye kifuu chembamba na nyama tele, ambayo kila mkulima angependa kuwa nayo shamba zima. Taabu ilikuwa kwamba mbegu za tenera zikipandwa hazizai tenera watupu: miti mingine hurudi kuwa dura, mingine pisifera, na mpandaji hubaki akilaumu mbegu, udongo au mtumishi.

Fumbo hilo halikuwa na njia ya mkato. Mtaalamu hulifunika ua la kike kwa mfuko kabla halijafunguka, akaleta chavua ya mti aliouchagua, akainyunyiza, akafunga tena na kuandika kibandiko; akangoja miezi kama sita mkungu uive; akangoja miezi mingine mbegu, ambazo kwa tabia yake huchelewa kuota, zitoe chipukizi; akailea miche kitaluni takriban mwaka mzima; akaihamishia shambani na kukaa miaka mingine kama mitatu mpaka izae, ndipo alishike tunda, alikate, na kuona alichokuwa akikitafuta. Hapana amri ya gavana iwezayo kuuharakisha mti huo. Mwaka 1941 wawili wa wataalamu hao, Beirnaert na Vanderweyen, walitangaza jawabu: tenera ni mtoto wa dura na pisifera, na wazazi hao wawili wakioanishwa, watoto wote huwa tenera. Michikichi inayotanda leo katika mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia imepandwa kwa kanuni hiyo iliyotoka katika msitu wa jimbo la Tshopo, na ni watu wachache sana, hata mjini Kisangani, wanaoijua asili yake.

Insafu yanidai niseme na upande wa pili, maana bila ya huo habari hii ingekuwa sifa tupu. Katika zama hizo hizo, na katika nchi hiyo hiyo ya mawese, kampuni ya Huileries du Congo Belge, iliyoasisiwa na William Lever mwaka 1911, ilikuwa na mashamba na viwanda, ikiwa ni pamoja na Elisabetha, mahali paitwapo leo Lokutu katika jimbo hili la Tshopo. Na wanaume wa vijijini walisukumwa kwa kodi na kwa nguvu za dola wakwee michikichi ya mwitu, juu sana, kuangusha mikungu kwa kipimo kilichowekwa na wengine. Mtaalamu alipewa miaka ya kungojea mti mmoja uzae; mkwezi alidaiwa idadi ya mikungu. Polepole, basi, ni mali kama mali nyingine, na mwenye mamlaka ndiye aliyeigawa, akijipa nyingi na kumnyima mtu wa chini. Amwonaye maskini akikimbia na kumhubiria utulivu, naye anafaidi mbio zake, hana tofauti kubwa na mwenye kampuni yule.

Kwamba akili yenyewe yahitaji muda kama mti, wanaofikiri kwa kazi wamelishuhudia mara nyingi. Mwanahesabu Mfaransa Henri Poincaré alisimulia jinsi alivyoiacha mezani kazi iliyomshughulisha, akaenda safari ya kutazama miamba, na mjini Coutances, alipoikanyaga ngazi ya gari la abiria, wazo alilokuwa akilihitaji likamjia kamili bila kuitwa. Wavivu wasiikimbilie hadithi hii: kabla ya ngazi ile Poincaré alikuwa amekwisha kuteseka na maudhui yake siku nyingi. Mapumziko huivisha kilichopandwa. Mahali pasipopandwa kitu hayaivishi chochote.

Mfano wa zama zetu uko katika sanaa. Mcheza ngoma Faustin Linyekula alizaliwa Ubundu mwaka 1974, upande wa juu wa maporomoko, akakulia na kusoma Kisangani. Mwaka 1993 alikwenda Nairobi, ambako baadaye, mwaka 1997, alishirikiana na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen kuunda kundi la ngoma la Gàara. Mwaka 2001 alianzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, na mwaka 2006, jina lake lilipokuwa limekwisha kuvuma Ulaya na wengine wakitaraji kwamba angehamia huko alikoitwa, aliyahamishia makao yake Kisangani, mji uliokuwa bado na makovu ya mizinga. Studio hizo hulea wacheza ngoma, wanamuziki na watengeneza filamu vijana, na kwa muda mrefu zimefanya kazi pia na watu wa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Si kwamba Linyekula hasafiri. Michezo yake imeonyeshwa Lisbon na New York. Lakini tazama zinapotoka kazi zake: mwaka 2017, alipoalikwa na jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, alianza na sanamu ya Walengola iliyokuwa imehifadhiwa ghalani humo, akaifuata asili yake hadi kijiji cha upande wa mama yake, Banataba, na kwa jina la kijiji hicho akauita mchezo. Msanii mwenye haraka angeifanya kazi ile mle mle ghalani, na watazamaji wa New York wasingegundua. Mimi naamini kwamba safari ile ya kwenda kijijini, ambayo kwa hesabu ya mwenye duka ni hasara, ndiyo iliyokuwa kazi.

Sasa nasema na wapangao ratiba za wengine, wakuu wa shule, wahariri, mameneja wa mashirika ya misaada yaliyojaa mjini: kama hamna uwezo wa kuongeza mshahara, mnao uwezo wa kupunguza mikutano na ripoti zisizosomwa na mtu. Na nasema na mwalimu pia, asingoje waheshimiwa hao waamke. Kisangani yote yaijua likelemba, ambayo kila mwanachama huweka fedha, na kwa zamu mmoja akazichukua zote. Walimu wanne waweza kufanya hivyo kwa saa: watatu wamshikie mwenzao madaftari na zamu za uangalizi kwa alasiri moja ya juma, naye akae na somo moja tu, alitengeneze upya kwa nafasi, alijaribu, alibomoe akipenda, juma lijalo zamu iwe ya mwingine. Likelemba ya saa haihitaji kibali cha wizara wala mfadhili. Yahitaji watu wanaoaminiana, na daftari la kuandikia zamu.