SIRI HII INAMLINDA NANI?

Wengi wetu tukitazama sinema ya kijasusi tunangoja bunduki na magari ya kulipuka tu. Hata mimi nilikuwa hivyo, hadi nilipoitazama Clear and Present Danger kwa jirani yetu. Wacha niwaeleze kisa chake, maana usipoielewa siri iliyomo utaona moshi mtupu.

Filamu hii ilitolewa mwaka wa 1994, ikiongozwa na Phillip Noyce. Imetokana na riwaya ya Tom Clancy ya mwaka wa 1989. Jina lake lina maana ya hatari iliyo wazi na iliyokwisha fika. Maneno hayo aliyatumia Jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka wa 1919. Katika filamu anayeyatumia ni Rais, na hapo ndipo balaa huanza.

Tajiri mmoja, rafiki wa Rais wa Marekani, anauawa na familia yake ndani ya mashua ya starehe. Waliomuua ni walanguzi wa dawa za kulevya wa Kolombia. Kumbe jamaa huyo alikuwa akiwasafishia pesa zao, yaani kuzifanya zionekane za halali, kisha akawaibia! Rais anakasirika, lakini hasemi wazi kwamba watu waende vitani. Anamdokezea tu mshauri wake kuwa walanguzi hao ni hatari kwa nchi. Mshauri anaelewa. Askari wachache wanapelekwa katika misitu ya Kolombia kisirisiri.

Kwa nini kisirisiri? Kwa sababu huko Marekani pesa za serikali huidhinishwa na Bunge lao, Kongresi. Jack Ryan, ofisa wa shirika la ujasusi la CIA anayeigizwa na Harrison Ford, anatumwa kuomba pesa hizo. Anawaahidi wabunge kwamba hakuna askari watakaotumwa. Maskini, hajui kuwa naye amedanganywa.

Sasa anatokea Cortez, jasusi wa zamani wa Kuba anayemfanyia kazi mlanguzi mkubwa. Anakutana na mshauri wa Rais na kumpa sharti: yeye atamwondoa bosi wake na kupunguza dawa zinazoingia Marekani, mradi aachiwe wale askari awawinde. Mshauri anakubali! Mawasiliano yanakatwa. Askari wanaita kwa redio, wanaita tena, hakuna anayejibu.

Hapo nilitoka nje kidogo. Kaka yangu ni askari. Akikaa wiki mbili bila kupiga simu, mama huamka usiku kuuliza kama kuna mtu aliyebisha mlango.

Wazee husema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Filamu hii imenionyesha kwamba hata fahali hao wakipatana, nyasi huumia vilevile.

Rafiki yangu wa darasani alinipinga. Alisema serikali isiyo na siri haiwezi kuwashika walanguzi. Ni kweli, ukitangaza msako mwizi atahama. Lakini siri ya msako huwalinda walio kazini. Siri ya wakubwa hawa ililinda viti vyao, na walio kazini wakaachwa wafe. Hiyo ndiyo tofauti.

Mwishowe Ryan anakwenda mwenyewe Kolombia kuwaokoa waliobaki hai. Anaporudi, Rais anataka jambo hilo lifunikwe. Ryan anakataa, anakwenda mbele ya wabunge kusema yote, ingawa ahadi ile ya uongo ilitoka kinywani mwake. Kwangu mimi, ushujaa wake uko hapo kuliko katika risasi zote.

Basi, mkiitazama msihesabu waliokufa tu. Kila mkisikia neno siri, ulizeni: inamlinda nani, na nani ameachwa msituni?