Konferensi kubwa au konferensi ndogo? Mambo ya kujua mbele ya kumtuma mtoto wa basketi Marekani



Katika mkutano wetu wa juma lililopita, mama mmoja wa kikundi alileta simu yake ili tumsomee ujumbe. Kijana wake ana miaka 17, anakaribia metre mbili, na kila jioni yuko uwanjani na mpira wa basketi. Bwana mmoja asiyejulikana kwetu alimwandikia kwamba mtoto atacheza Marekani katika chuo kikuu cha konferensi iliyo kubwa kuliko zote, inayoitwa SEC, lakini kwanza mama atume dola 1500. Juma hilohilo, kocha wa chuo kidogo ambacho hatukuwahi kukisikia aliandika pia. Yeye aliomba bulletin za shule na video ya mechi mbili. Hakuomba pesa.

Wamama wengi walipaza sauti: "Chukua kile kikubwa!" Sisi tuliomba juma moja tueleze vizuri, kwa sababu neno "kubwa" limekwisha kudanganya wazazi wengi.

Konferensi ni kitu gani?

Marekani, michezo ya vyuo vikuu inasimamiwa zaidi na shirika linaloitwa NCAA. Katika daraja lake la kwanza kuna vyuo zaidi ya 350. Haviwezi kucheza vyote kati yao, basi vimegawanyika katika makundi zaidi ya 30, na kila kundi ni konferensi. Zinazosikika sana ni SEC, Big Ten, Big 12, ACC na Big East. Ziko pia nyingi ndogo, kama vile MAAC, America East na Ivy League.

Mwezi wa 3 kila mwaka kuna mashindano makubwa. Bingwa wa kila konferensi, hata iliyo ndogo, anaingia moja kwa moja. Nafasi zinazobaki zinatolewa na kamati, na hapo ndipo wanabishana: ekipe ya sita ya konferensi ngumu, na ekipe ya pili ya konferensi nyepesi, ipi inastahili?

Ni kama bulletin za shule mbili

Sisi walimu tunalijua swali hilo. Mtoto mmoja amepata asilimia 80 katika shule ambapo mwalimu anatoa alama kama mvua. Mwingine amepata 60 katika shule ambapo hata mwerevu anatoka jasho. Nani anajua zaidi? Bulletin peke yake haiwezi kujibu. Tunangoja Exetat, ambapo wote wanapewa maswali mamoja.

Katika basketi ni vilevile. Ndani ya konferensi, kila mechi mmoja anashinda na mwingine anashindwa. Ukijumlisha matokeo yote ya ndani, ushindi na kushindwa ni sawasawa, iwe konferensi ya majitu au ya watoto wachanga. Kwa hiyo mechi za ndani haziwezi kuonyesha konferensi ipi ina nguvu kuliko nyingine. Zinazoonyesha ni mechi za kutoka nje, ambazo nyingi zinachezwa mwezi wa 11 na wa 12. Hizo ndizo Exetat yao.

Mfano ni msimu wa 2024-2025. Mwezi wa 12 mwaka 2024, ekipe za SEC zilipambana na ekipe za ACC katika mechi 16. SEC ilishinda 14. Mwezi wa 3 ulipofika, vyuo 14 kati ya 16 vya SEC viliitwa kwenye mashindano, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. ACC yenye vyuo 18 ilipata nafasi 4 tu. Mwishoni Florida, chuo cha SEC, kilichukua kombe kwa kushinda Houston 65 kwa 63.

Kamati inasaidiwa pia na hesabu ya kompyuta inayoitwa NET, iliyoanza msimu wa 2018-2019. Hesabu hiyo haihesabu ushindi tu. Inaangalia ulimshinda nani, na wapi. Kushinda ugenini kuna uzito kuliko kushinda nyumbani, na kumpiga mnyonge kunaleta faida kidogo. Kila mama anayeuza sokoni anaelewa: kuuza kwa jirani anayekupenda ni rahisi kuliko kuuza mahali wasipokujua.

Wastani unaficha watu

Hapa tuwe waangalifu. Nguvu ya konferensi ni wastani, na wastani hauwezi kukuambia habari ya mtu mmoja.

Mwaka 2011, Big East ilipeleka ekipe 11. Ni 2 tu zilizofika kati ya 16 za mwisho. Lakini mojawapo, UConn, iliyokuwa imeshinda mechi 9 na kushindwa 9 ndani ya konferensi yake, ndiyo iliyochukua kombe. Upande wa wasichana, UConn hiyohiyo ilikuwa bingwa mwaka 2025. Ingawa Big East ya wasichana haihesabiwi ngumu kama SEC, katika fainali UConn iliipiga South Carolina, ekipe ya SEC, 82 kwa 59. Wenye mabinti wasisahau kwamba nafasi hizi ni zao pia.

Ivy League nayo haitoi burse kwa ajili ya michezo. Msaada wa pesa unafuata hali ya familia. Hata hivyo mwaka 2023 Princeton, chuo cha Ivy League, kilishinda Arizona, kisha Missouri, na kuingia kati ya ekipe 16 za mwisho. Waliofikiri kwamba watu wa vitabu hawajui mpira walinyamaza.

Mtoto wa Lubumbashi na mtoto wa Kinshasa

Oscar Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi. Alianza katika West Virginia, chuo cha Big 12, halafu akahamia Kentucky, katika SEC. Msimu wa 2021-2022 alidaka mipira inayorudi kutoka kikapuni wastani wa 15 kwa kila mechi, na akatangazwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Sisi Wakongomani tulifurahi.

Mwezi wa 3 mwaka 2022, Kentucky ilikutana na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City, katika konferensi ya MAAC. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kudaka mipira 16. Lakini Saint Peter's ilishinda 85 kwa 79 baada ya muda wa nyongeza, ikaendelea mpaka kati ya ekipe 8 za mwisho. Tena, mwaka 2023, Tshiebwe alipojitoa kuchaguliwa na ekipe za NBA, jina lake halikuitwa. Alipata mkataba mdogo na Indiana Pacers na kupanda polepole. Ikiwa mchezaji bora wa nchi nzima, katika konferensi kubwa, alipita njia hiyo, nani anaweza kumwahidia mama NBA kupitia WhatsApp?

Tumkumbuke vilevile Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Alifika Georgetown mwaka 1987 kwa burse ya masomo, akitaka kuwa daktari. Basketi ilimkuta hukohuko, katika Big East. Mwaka 1991 alipata diploma ya lugha na diplomasia, na mwaka huo NBA ikamchukua. Pesa ya mpira ilimsaidia kujenga Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, iliyofunguliwa mwaka 2007. Alifariki mwaka 2024, lakini hospitali ingali inatibu watu.

Maswali ya kuuliza mbele ya kusema ndiyo

Kwanza: barua imetoka kwa nani? Burse ya kweli inaandikwa na chuo chenyewe, na karatasi ya kuombea visa ya mwanafunzi, inayoitwa I-20, inatolewa na chuo. Chuo hakiuzi nafasi ya kucheza kwa mzazi. Malipo ya visa yapo, lakini yanalipwa kwa serikali ya Marekani, hayapiti mfukoni mwa bwana wa simu.

Pili: burse inalipa nini? Masomo tu, au pia chakula, nyumba na vitabu? Na mtoto akivunjika goti, itaendelea?

Tatu: atacheza? Uwanjani wanaingia 5. Katika konferensi kubwa anaweza kukaa kwenye benchi miaka miwili. Katika ndogo anaweza kucheza tangu mwanzo, akaonekana, halafu akahama. Lakini mtoto aliye tayari kwa magumu atakua haraka zaidi kati ya wenye nguvu. Sisi hatusemi ndogo ni bora siku zote.

Nne: masomo yake ya sekondari yanatosha? NCAA inachunguza alama mbele ya kumruhusu mtu kucheza. Kijana anayekimbia hesabu ili aende uwanjani anajifungia mlango mwenyewe.

Yule mama tulimsaidia kuandika majibu mawili. Kwa bwana wa dola 1500, tuliomba barua ya chuo yenye sahihi. Tangu siku ile hajaandika tena. Kwa kocha wa chuo kidogo, tulituma bulletin za miaka mitatu, na tukauliza swali la pili na la tatu. Alijibu kwamba masomo, chakula na nyumba vitalipwa, lakini alama za hesabu ni lazima zipande mbele ya mwisho wa mwaka.

Kijana hakupenda. Lakini sasa, siku ya tano jioni, mpira unabaki nyumbani, naye anakuja kwetu na daftari la hesabu. Wenye watoto kama yeye wawalete pia. Tuna nafasi na chaki.