Kabla ya kununua giaboksi nyingine, pima kwanza kihisi cha sumaku

NI ukweli usiopingika kwamba uchumi wa Wilaya ya Rungwe unategemea magari. Ndizi, viazi, maparachichi na maziwa hutoka vijijini kwenda Tukuyu na Mbeya, wakati mchele na kakao hupanda kutoka Kyela. Majani mabichi ya chai nayo hayasubiri, kwani yakichelewa kufika kiwandani hupungua ubora.

Zamani mizigo midogo ilibebwa zaidi na pikapu za gia za mkono, ambazo fundi wa karibu alizifahamu vyema. Siku hizi wafanyabiashara wengi wanatumia magari yaliyotumika Japan, kama vile Toyota Noah na Probox, na mengi ya magari hayo ni ya otomatiki. Hayana pedeli ya klachi. Kompyuta ndiyo inayoamua lini gia ibadilishwe.

Tatizo huanza siku gari linapokataa kuingiza gia ya juu, au linapobaki kwenye gia moja hata mlimani. Mara nyingi mmiliki huambiwa kwamba giaboksi imekufa. Hutafuta fedha, hununua ya mtumba na kuifunga, kisha baada ya siku chache ugonjwa hurudi uleule. Kumbe kilichokuwa kimeharibika ni kihisi, ambacho mafundi hukiita sensa, au waya wake tu.

Kinavyofanya kazi

Kompyuta ya gari haina macho. Ili ijue shafti za giaboksi zinazunguka kwa kasi gani, hutegemea vihisi vidogo vilivyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Aina moja ina sumaku na koili ya waya. Kila jino la gia linapopita mbele yake, nguvu ya sumaku hubadilika na koili hutoa umeme mdogo. Kompyuta huhesabu mapigo hayo na kupata kasi.

Aina ya pili hutumia kanuni iliyogunduliwa mwaka 1879 na Mmarekani Edwin Hall, kwamba kipande chembamba kinachopitisha umeme kikisogezewa sumaku hutoa volti kidogo pembeni. Kwa njia hii kihisi kinaweza kutambua sumaku iko wapi bila kuigusa, hivyo hakuna kinachosagika.

Kihisi cha namna hiyo kina kazi kubwa katika malori ya kisasa yanayopita Tukuyu kuelekea Malawi kupitia Kasumulu. Baadhi yake, kama Volvo zenye mfumo wa I-Shift ulioanza mwaka 2001, yana gia za kawaida ndani, lakini zinasukumwa kwa upepo badala ya mkono wa dereva. Kihisi ndicho kinachoiarifu kompyuta kwamba gia imeingia sawasawa kabla klachi haijaachiwa.

Taarifa hizo zikikatika, kompyuta hujihami. Gari hubaki kwenye gia chache ili giaboksi isiumie, na katika Toyota nyingi taa ya O/D OFF kwenye dashibodi huwakawaka. Wakati mwingine hata mshale wa spidi husimama.

Mvua, tope na mlima

Rungwe ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini. Maji na tope huingia kwenye soketi za waya chini ya gari na kuzishikisha kutu. Aidha, kuosha gari kwa maji ya presha kunaweza kusukuma maji ndani ya soketi hizo. Na kwa kuwa kihisi kina sumaku, hunasa unga wa chuma uliomo kwenye oili ya giaboksi, na unga huo ukizidi mapigo huvurugika.

Kutoka Kyela, iliyo kwenye mwinuko wa karibu meta 500, hadi Tukuyu, yenye takriban meta 1,500, ni kupanda karibu muda wote. Gari lililoshiba mchele likipanda huku limekwama kwenye gia isiyofaa, oili huchemka, na tatizo la kihisi huweza kugeuka kuwa tatizo la giaboksi kweli.

Hesabu ya hasara

Tuseme mfanyabiashara anapata faida ya Sh50,000 kwa safari na anafanya safari nne kwa wiki. Gari likilala gereji wiki tatu likisubiri giaboksi, amepoteza Sh600,000 kabla hajalipa spea wala fundi. Mkulima aliyemtegemea naye anabaki na ndizi zinazoiva shambani, na atauza kwa bei ya anayepita.

Cha kufanya

Kwanza, kabla ya kukubali giaboksi ishushwe, mmiliki adai gari lipimwe kwa mashine ya kusoma kompyuta na aandikiwe namba za hitilafu. P0715 huhusu kihisi cha shafti inayoingiza nguvu, P0720 kile cha shafti inayotoa, na P0705 mahali ilipo enka ya gia.

Pili, namba hiyo si hukumu. Inaonyesha njia ya umeme yenye kasoro, hivyo fundi akague waya na soketi, kisha apime kihisi kwa mita, ndipo spea inunuliwe.

Tatu, oili iangaliwe. Ikinuka kuungua au ikiwa na vipande vya chuma, basi giaboksi yenyewe ina kasoro na kubadili kihisi hakutasaidia. Oili inayoongezwa iwe ya aina iliyotajwa na mtengenezaji, kwani si kila oili nyekundu inafaa.

Nne, gari la otomatiki lisivutwe kwa kamba umbali mrefu huku magurudumu yanayosukuma yakigusa barabara. Giaboksi inaweza kukosa ulainisho na kuharibika njiani.

Kwa upande wa mafundi, anayejua kutumia mita na mashine ya kupimia ana soko la uhakika, kwa kuwa magari haya yanazidi kuongezeka. Kwa mwenye gari, gharama ya kupima ni ndogo kuliko ya kubahatisha. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, lakini ni vema kuhakikisha kwanza ufa wenyewe uko wapi.