Mwanao anatukanwa kwenye grupu la WhatsApp na hakwambii: sababu ni hii

Zamani aliyekuonea shuleni ulimwacha getini kengele ikilia. Siku hizi anakufuata mpaka kitandani, yumo ndani ya simu.

Kwa Tanzania jambo hili lina msimu wake. Shule nyingi za sekondari, hasa za bweni, zimepiga marufuku simu, kwa hiyo mambo hulipuka likizo. Shule zikifungwa tu Juni au Desemba, magrupu ya kidato yanafufuka na ya bwenini yote yanamwagwa humo: nani alilia, nani kwao hawana hela, nani anamtaka nani. Mtu anapigwa picha akiwa hana habari, inageuzwa stika, inazunguka. Wengine wanafungua kabisa akaunti feki ya umbea wa shule na kutaja watu kwa majina. Halafu Januari inafika, na binti wa watu anatakiwa arudi kulala bweni moja na wale wale walioicheka ile stika.

Watu wazima jibu letu ni jepesi: "Si uzime data!" Sasa ukizima, wewe huoni ila wenzako wanaendelea kuona, na kutojua wanasema nini kunatesa zaidi. Ndiyo maana unakuta mtoto yuko macho saa nane usiku anachungulia grupu. Usingizi ukishapotea, mengine hufuata: hasira za ghafla, chakula hakipiti, tumbo au kichwa kinauma lakini hospitali hawaoni ugonjwa, alama zinashuka, hataki kusikia habari ya kurudi shule. Ikidumu wiki kadhaa inaweza kuwa sonona. Wapo wanaofika mahali pa kujikata ngozi au kutamani kufa. Ukisikia hivyo usiite deko, mpeleke hospitali.

Kwa nini hasemi? Kwa sababu anakujua. Anajua ukisikia tu utamnyang'anya simu, na kwake hiyo ni adhabu juu ya adhabu. Na kama kuna picha ya faragha aliyowahi kumtumia mtu, anaona kabisa kwamba wa kwanza kuchapwa atakuwa yeye. Kwa hiyo mzazi, anza na hili: "Simu yako sichukui." Utashangaa atakavyofunguka.

Baada ya hapo msifute kitu. Pigeni skrinishoti zinazoonyesha namba, tarehe na saa, kisha ndipo mumbloku huyo mtu. Wengi hufuta kwa hasira, halafu wakifika kwa mwalimu hawana cha kuonyesha.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Na laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ambayo mtoto wa kidato cha pili hana. Laini anayotukania wenzake mara nyingi ina jina la mama au baba yake. Polisi wakiifuatilia, wataanza kubisha kwenu. Wazazi wa wachokozi wasome hapo mara mbili.

Hata hivyo, matusi na stika mimi naona yaanzie kwa mwalimu wa nasaha, wazazi wa pande zote waitwe. Kukiwa na vitisho au picha za utupu, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kusambaza picha ya utupu ya aliye chini ya miaka 18 ni kosa zito, hata kama "nilitumiwa tu nikapitisha".

Mtoto asiyeweza kumwambia mtu nyumbani apige 116, namba ya huduma kwa mtoto. Ni bure, anaweza kupiga mwenyewe hata kama hana salio.