Mota Ilihukumiwa kwa Kosa la Swichi

Msimu wa mvua uliopita gari moja la kikosi chetu lilikuwa likimrudisha nyumbani mke wa askari aliyetoka kujifungua. Karibu na Masaka alishusha kioo cha mlango wa nyuma apate hewa, na mvua ilipoanza kioo kikakataa kupanda. Dereva alijaribu kwa swichi yake ya mbele; hakikutikisika. Ikabidi avue koti lake kuziba dirisha, na mama akajikunyata upande wa pili na kichanga chake hadi walipofika.

Gereji moja ya mjini ilitoa hukumu bila ya kufungua mlango: mota imekufa. Tukanunua mota, ikafungwa, na ugonjwa ukabaki ule ule. Ndipo tulipomwita koplo wa karakana yetu, mtu wa maneno machache.

"Kinashuka, afande?" aliuliza.

Tukamweleza kwamba kwa swichi ya nyuma kinashuka lakini hakipandi. Kwa swichi ya dereva hakishuki wala hakipandi.

"Basi mota haina kosa. Hata ile ya kwanza haikuwa nalo."

Inafaa tueleze sababu. Mota ya kioo ina nyaya mbili. Umeme wa volti 12 ukiingilia huku na kutokea kule, kioo hupanda, ukigeuzwa, hushuka. Katika magari mengi ya Kijapani ya mtindo wa zamani kidogo, yasiyoongozwa na kompyuta mlangoni, nyaya hizo hupita ndani ya swichi ya nyuma kabla ya kufika kwenye swichi kuu ya dereva, ambako zote mbili hupumzika upande wa hasi. Kwa hiyo swichi ya nyuma, hata isipoguswa, ni daraja. Kidole kimoja cha shaba kikiungua pale kinapopumzikia, amri ya dereva haivuki, na umeme wa kupandisha hukosa njia ya kurudi. Ule wa kushusha hurudi kwa kidole cha pili.

Lau swichi ya nyuma pekee ingekuwa kimya, koplo angetazama kwanza kitufe cha dereva kinachozuia swichi za abiria, ambacho hubonyezwa kwa kiwiko bila ya kujua. Lau zote zingekuwa kimya, angeanza na fyuzi, kisha nyaya zinazokatikia ndani ya mpira ulio kando ya bawaba kwa mlango kufunguliwa na kufungwa miaka nenda miaka rudi.

Aliichomoa swichi, akaunganisha kwa vipande viwili vya waya matundu ya plagi ambayo swichi huyaunganisha ikiwa imepumzika. Dereva akabonyeza, kioo kikapanda, kikashuka.

Ndani ya swichi tulikuta soda iliyogandamana na vumbi, na kidole kimoja cheusi kama mkaa. Kukisafisha kwa spiriti kungetosha kwa siku chache tu, kwani shaba ilikwisha kulika. Tulinunua swichi nyingine kwa sehemu ndogo ya bei ya mota. Mota ya kwanza ingali stoo, nzima kabisa.